Ua na Ua

Nilikwenda na sururu mwishoni mwa Juni,
mimi Graxi, na miaka yangu sitini na minne,
kuling'oa ua la manjano lenye majani ya ncha ya mshale,
lile ambalo mama alilisalimu kila mwaka kwa Kibaski
kama jirani aliyerudi safari.

Nilitaka kulihamishia kaburini kwake,
mjini, kwenye nyasi za manispaa.

Nikachimba hadi kiwiko. Hadi bega.
Mzizi mnene kama mkono wa mkata manyoya,
unanuka utomvu, unashuka tu,
wala haujali kwamba nina haraka.

Moto wa mwaka juzi ulipita hapa.
Vichaka vya kijivu havijarudi hata kimoja.
Zizi la baba, nguzo, lango:
ua uliungua.
Ua likachanua.

Mpini ukakatika.
Nikacheka peke yangu, Nevada nzima kimya.

Nimerudisha udongo, nikaushindilia kwa viganja.
Mfukoni nina mbegu kumi na moja.
Delmer wa makaburini anasema
huenda zikachukua miaka saba kutoa ua la kwanza.

Mama hana haraka.
Mimi ndiye ninayehesabu.