Kisigino

Kerubo amerudi Tabaka na mafua ya ng'ambo,
amekalia kreti ya soda, miguu mbali na maji yangu,
ananihadithia siku nne za likizo ya Januari
katika jiji ambalo mto wake uliganda
hadi mbwa wakauvuka kama uwanja.

Mimi nasugua viboko. Dazeni tatu kabla ya Alhamisi.
Msasa mkali kwanza, kisha wa kati, kisha ule laini
unaokula ncha za vidole kuliko unavyokula jiwe.
Endelea, namwambia, masikio yangu hayana kazi.

Anasema hakwenda makumbusho kwa kupenda sanaa.
Alikwenda kwa sababu mle ndani mna joto.
Chai ya mkahawani ingemla nauli,
na Jumapili ya kwanza ya mwezi mlango ni bure,
basi akaingia, akavua koti,
akapewa kibati chenye namba 214,
akatembea vyumba kumi na saba
huku masikio yakiyeyuka.

Kumetundikwa nini?
Sufuria, anasema. Limau lililomenywa nusu.
Ng'ombe watatu wamelala, mmoja ametupa mgongo.
Nauliza: ng'ombe wa nani?
Anacheka, anapenga kamasi.
Jumanne alirudi, akalipa,
mtu mzima na akili zake, akalipa kuangalia limau.

Kizuri chajiuza, tunasema hapa,
na bado kila juma nakibeba kizuri mgongoni
hadi barabarani, nikakipigie debe.
Huko kizuri hakiuzwi, wala hakijitembezi.
Kimeketi. Kina askari wake, taa yake,
na kamba nyekundu ya kukwambia ishia hapo.

Usiguse, kumeandikwa.
Hapo nikasita, kiboko wa ishirini na mbili mkononi.
Jiwe lisiguswe? Utalijuaje?
Macho hudanganywa na maji; jiwe lililolowa
lote ni laini. Kidole gumba ndicho kisemacho kweli.

Kerubo akatazama mlangoni kama anayetaka kusengenya.
Nilimgusa mmoja, Mama.
Mwanamke wa marumaru, mweupe, hana mikono,
miaka mia mbili amesimama vivyo hivyo.
Askari alipopiga miayo nikapitisha mkono nyuma,
chini, kisiginoni.

Na?

Panakwaruza. Msasa uliishia kifundoni.

Nikacheka hadi karai likapinduka.
Nilimwona! Si huyo wa marumaru. Yule mwingine,
aliyechuchumaa sakafuni na maji baridi na mchanga,
jioni imeingia, mtoto analia chumba cha pili,
au uji unafurika, au mgongo umekataa tu,
akasema: huku nyuma nani atatazama?
Na hakuna aliyetazama,
mpaka binti wa msugua mawe alipokuja kuota moto.

Jina lake liliandikwa?
La mchongaji lipo, anasema, kwa dhahabu.
La wa msasa sikuliona.
Sikushangaa. Hata hapa, viboko hivi
mtaa mzima huviita vya Ombati.

Kibati alisahau kukirudisha;
koti alijichukulia kwenye kulabu.
Sasa 214 inaning'inia msumarini pangu
pamoja na ufunguo wa ghala.

Jua limeshuka nyuma ya machimbo.
Kerubo amesinzia, mdomo wazi.
Nimemfikia kiboko wa mwisho, nimefika tumboni,
pamebaki mahali pa ukubwa wa ukucha
na vidole havisikii tena.
Nimempanga na wenzake juu ya gunia.

Alhamisi mnunuzi akimpindua,
akapakuna pale na kuninyooshea uso,
nitamwambia ndivyo wanavyofanya ng'ambo.