Ile ya Kosa Kazini

Nipo Tanga, Ngamiani,
na mashine ya mezani,
hati za mahakamani
nachapa bila kukoma.

Wakala alinijia:
"Moto ukikufikia,
mwizi akikuvunjia,
utalipwa. Kata bima."

Nikakata ya dukani;
ile ya kosa kazini
nikamwambia, "Ya nini?
Mimi nachapa, nasoma."

Kiwanja cha Bi Mwanjaa
kumi na saba. Kwa njaa
kidole kikazubaa:
sabini na moja. Mama!

Kumbe sabini na moja
kina mwenyewe, na hoja
akazileta pamoja
na wakili wa heshima.

Duka halijaungua,
mwizi hakulisumbua;
samansi ninafungua
na mkono watetema.

Wakala kapita jana,
hakucheka, hakunena,
kaleta fomu. Mchana
kutwa, namba nazisoma.