Unyusi wa Herufi

Anga la Lima, wenyewe tunaliita tumbo la punda:
kijivu tangu Mei, kijivu hadi Novemba,
kijivu kisichonyesha wala kupasuka.
Chini ya tumbo hilo nilikaa wiki tatu
nikiichorea kampuni ya maji tone la maji.
Tone la buluu. Tone la buluu lililoinama kidogo.
Tone lenye tabasamu, Mungu anisamehe.
Bwana Larrañaga akapita nyuma ya kiti changu,
akasema, "Tunakaribia,"
kama daktari anavyowaambia ndugu wa mgonjwa.

Siku ya ishirini na mbili nilishuka kituo kisicho changu,
huko Vitarte, kwenye barabara ipandayo milimani,
kwa sababu ukuta uliniita.
Sitii chumvi. Ukuta wa matofali uchi,
na juu yake bango: usiku mweusi ti,
herufi za waridi, za ndimu, za chungwa lililoshika moto,
zimenona, zimebanana, zimeshikana viuno,
zikitangaza bendi iliyokwisha kupiga
Jumamosi iliyokwisha kupita.
Dansi lilishaisha. Bia zilishaisha.
Herufi hazikuwa na habari.

Nikafuata harufu ya wino kona mbili
hadi mlango wa bati wa Nemesio Huaroc.
Hakuuliza nimetumwa na nani. Alinipa wembe.
"Kata."
Nikauliza rula iko wapi.
Akacheka mpaka mbwa akaamka.

Yeye hukata herufi kama amenyaye chungwa
ganda lisikatike, huku akizungumza mengine:
bei ya karatasi, goti la mkewe Edelmira,
mshindani wa Huancayo atiaye rangi maji.
"Msomaji wangu yumo ndani ya basi," alisema.
"Ana njaa, amechoka, kamkosea mtu nyumbani.
Nina sekunde mbili. Nikimnong'oneza, kaenda."

Na rangi hizi, umezitoa wapi?
Akaelekeza kidevu ukutani:
msumarini, sketi ya mamaye, ya bonde la Mantaro,
nyeusi, na pindoni ndege na maua
ya uzi unaokaribia kuyaumiza macho.
Alishuka nayo mjini mwaka wa vita,
mkono mmoja gunia la viazi, mkono mmoja mtoto.
"Kijivu hiki kilimtisha," Nemesio akasema.
"Aliivaa kila siku
ili nisimpoteze sokoni."

Nilinyamaza.
Chuoni tulifundishwa gurudumu la rangi,
na nafasi nyeupe, kwamba inapumua.
Hakuna aliyetuambia rangi yaweza kuwa mkono wa mama
ulioinuliwa juu ya vichwa vya watu.

Nikapewa Ñ, ile ya *mañana*, ya kesho.
Nilihangaika nayo saa nzima, ulimi nje.
Akaiinua kwenye taa.
"Mwili sawa. Ila huu unyusi wake una adabu mno.
Kesho gani hii? Kesho ya benki?
Anayesubiri dansi, unyusi wake hupanda hivi,"
akapandisha wake mwenyewe, wa kushoto,
wenye mvi, na doa la ndimu.

Tone nililolipeleka Jumatatu lilikataliwa.
Bwana Larrañaga alisema linapiga kelele,
na kwa kweli lilikuwa linapiga kelele,
sikuwa na la kujitetea.
Tumerudi kwenye buluu. Mshahara ni mshahara.

Lakini wino ule hautoki kwa sabuni.
Alhamisi, kwenye foleni ya kulipia umeme,
mlinzi aliyekuwa akiitazama sakafu tangu asubuhi
akauona ukucha wangu wa gumba,
waridi, waridi la kutia wazimu.
Akasogea. Akashusha sauti:
"Dada, Jumamosi wanapiga wapi?"