Kiti Kisichotikisika

Darasa ni saa kumi na moja jioni.
Tangu saa nane nafagia.

Aikande ametuma maelekezo kutoka Mwanza,
halafu akapiga simu akanisomea yale yale
polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa naye:
nguo isiyobana, maji ya kunywa, blanketi moja,
nafasi ya kulala na kunyoosha mikono usiguse kitu,
na kiti kisichotikisika.
"Ni mazoezi ya taratibu, mama. Hakuna kuruka."
Nani alisema nitaruka?
Mimi niliyeshuka ngazi za kanisa Jumapili
kwa ubavu, kama mtu anayepita mlango mwembamba.

Nguo isiyobana: suruali ya michezo ya mjukuu,
ina mstari mweupe pembeni
na jina la shule iliyomrudisha nyumbani kwa ada.
Juu yake nimejifunga khanga.
Nitaifungua? Sijui.
Simu ina jicho, na jicho lina watu kumi na wanne ndani yake.

Shedraki wa jirani amekuja kuisimamisha.
Kopo la maziwa, juu ya kopo kitabu cha tenzi.
"Bibi, ukilala tutaona nyayo tu."
Tukaongeza debe la unga.
"Sasa tunakuona wote, ila huna kichwa."
Kiache, nikamwambia, kichwa hakiumwi.
Kinachouma ni bega hili la kulia,
miaka thelathini na moja mezani kiwandani
nikichambua buni:
nyeusi huku, iliyopasuka kule, nzima ipite,
nyeusi huku,
iliyopasuka kule,
mpaka bega likajua njia moja tu duniani
na leo nikitaka kufunga kitenge kichwani
linaniuliza, tunakwenda wapi?

Makochi tumeyasukuma ukumbini, vitambaa vyake vikaanguka.
Meza ndogo iko uani, kuku wameshaipanda.
Kumbe sebule yangu ni kubwa.
Sakafu nyekundu, niliyoisugua miaka yote nimepiga magoti,
sijawahi hata siku moja kuilalia.

Kikabaki kiti.
Cha jikoni kinayumba. Cha plastiki kimefungwa waya mguuni.
Stuli ni ya kukamulia, ina harufu ya ng'ombe aliyeuzwa.
Shedraki hakusema kitu. Alitazama tu dirishani,
pale mlima unapojitokeza siku unapojisikia,
na mbele ya dirisha, kiti cha Aminieli.

Mninga. Fundi wa Kiboriloni alikichonga.
Miaka sita wageni wanakizunguka.
Hata padri alikizunguka, akakaa penye plastiki.
"Nikitikise, bibi?"
Kitikise.
Akakitikisa kwa mikono miwili, akakitikisa kwa tumbo.
Kimya.
Tukakivuta, kikakwaruza sakafu kwa sauti
ya mtu aliyeamshwa hajashiba usingizi,
na pale kilipokuwa, miduara minne
ya wekundu wa zamani, haijaonja jua.

Robo saa bado. Bando lipo, umeme upo, kwa sasa.
Nikasema nijaribu kulala, nisije nikaaibika mbele za watu.
Goti moja. Mkono. Goti la pili. Nyonga ikanung'unika,
nikaiambia subiri, nayo ikasubiri.
Mgongo ukagusa ubaridi, mfupa kwa mfupa,
kama mtu anayeweka chini mzigo wa ndizi bila kuziponda.

Na nikiwa chali, nikaona chini ya kiti,
mahali ambapo hakuna mtu huangalia,
mwandiko wa fundi kwa kalamu ya risasi:
*Mz. Aminieli. Bado elfu saba.*

Aminieli!
Uliniapia umemlipa mpaka senti ya mwisho!

Nikacheka, bega likacheka nami, likauma kidogo, likaendelea.
Shedraki akadhani nimeanguka.
"Bibi, wameanza kuingia. Mwalimu anasema uwashe picha."

Ngoja, mwanangu.
Nishike hapa kwenye kiti, ninyanyuke,
nifungue khanga kwanza.