Ndoo Yangu Ilikuwa ya Tisa

Maji ya Mbagala hutoka saa kumi alfajiri
au hayatoki.
Tunalala na ndoo zetu foleni,
na redio ya Kibwana mwenye bomba
imefungwa juu ya mita kwa mpira wa baiskeli.

Usiku ule ilisema kuna jimbo la mahindi,
Marekani, theluji hadi magotini,
watu wameingia ukumbi wa shule
kuchagua nani akagombee urais kwa chama chao.
Hawaandiki. Wanasimama.
Huyu kona ile, yule kona hii,
na kona yenye watu haba huvunjwa;
majirani wanaita, njooni kwetu, kuna nafasi.

"Kumbe kama sisi," akasema Sikudhani,
akaisukuma ndoo yake kwa mguu hadi kwenye ngazi.
"Hapa ni kwa yule mama gavana.
Mwenye akili anifuate."

Wakafuata wanne. Mama Hidaya akagoma:
mama gavana anacheka mno,
na anayecheka hivyo mbele za watu ana deni.
Yeye yuko na seneta mzee, yule wa kukohoa,
kwani mzee haibi kwa ajili ya kesho.
"Kesho haibi, leo anasinzia," Nyamizi akamjibu,
na ndoo yake ya rangi, iliyofunikwa sinia,
ikaenda peke yake kando ya mtaro,
kwa kijana mwenye viwanda, asiyevaa tai.
"Tajiri ameshiba," alisema.

Ameshiba!
Tulicheka mpaka mbwa wa kwa mjumbe wakabweka.
Nani hapa amewahi kuona tajiri aliyeshiba?
Kwa sheria ya redio, kona yake imevunjwa.
Tukamwita, kila upande, kwa majina matamu
ambayo hatujamwita tangu agombane na watu wa kikoba.
Hakusogea.
"Nivunjwe na nani? Ndoo yangu."

Mimi sikuwa na kona. Nilikuwa na kaka.
Mwinshehe, tumbo moja, yuko jimbo lile lile,
raia wao kwa karatasi na kiapo,
anafanya kazi kiwanda cha nyama
ambayo kwetu haitajwi wakati wa kula.
Nikampigia kwa bando la mwisho.
"Umesimama kona gani?"
"Nimejilaza, dada. Nimetoka kazini na buti ziko mguuni.
Ukumbi si mbali. Nimepita, nimeona taa."
"Umeona taa?"
"Nimeona taa."

Sikuwaambia wenzangu
kwamba kura moja, ya ukoo mzima wa foleni hii,
imelala na buti.
Walikuwa wamefika kwenye bima za watu wa kule,
ada za vyuo vya kule,
wanagombana kama watakaokwenda kulipa.

Nami nilikumbuka kura za maoni za diwani wetu.
Mama Hidaya alipata doti ya khanga.
Mtoto wa Sikudhani aliahidiwa kazi bandarini,
bado anaahidiwa.
Nyamizi alipewa elfu tano akairudisha,
akaambiwa anaringa.
Na mimi nilisema nina homa.
Homa ilikuwepo, kweli,
ila haikuwa ya kunilaza.
Toka dirishani niliiona ofisi ya kata,
mlango wazi, watu wanaingia.

Bomba likakohoa. Kutu kwanza, halafu maji.
Gavana, seneta, kijana wa viwanda,
wote wakaachwa pale pale,
ndoo zikakimbia kurudi foleni
na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza:
nani alikuwa wa nne, nani wa saba,
nani ameweka jiwe akaenda kulala kwake.
Nyamizi alimwaga matusi ya kwao Tabora,
hakuna aliyeyaelewa, wote tukaogopa.

Simu ikatetemeka kiunoni, ndani ya khanga.
Picha: buti mbili kwenye theluji,
mlango wa shule, umefungwa,
karatasi imebandikwa, siwezi kuisoma.
Hakuandika neno.
Kibwana akaita, "Wa tisa!
Wa tisa yuko wapi?"