Omu Nne

Tak.
Risiva imejizima tena, helikopta ikiwa hewani,
na ukumbi mzima wa video, hapa Oli, Arua,
unanipigia miluzi kana kwamba mimi ndiye niliyeiangusha.

Spika nilizinunua kwa daktari aliyekuwa anahama:
mbili, zinanifika kifuani, nzito kama gunia la muhogo mkavu.
Hakuniambia kwamba hazimtii mnyonge.

Fundi Ezati kaja na mita yake, kioo kimepasuka.
"Mama Candiru, hizi zimeandikwa omu nne,
lakini besi ikizama nazo zinashuka, mbili na ushei.
Zinakunywa umeme kama ng'ombe wa kiangazi.
Na hii risiva yako..."
akainyanyua kwa mkono mmoja, akacheka.
"Wati mia saba, boksi linasema.
Boksi halijawahi kupiga muziki."

Nilikasirika. Nimelipa laki tisa Kampala,
na risiti ninayo.

Kesho yake akaleta dubwana la chuma,
amplifaya isiyo na rimoti, kutu pembeni,
transfoma yake kama jiwe la kusagia.
Tuliibeba wawili. Akafunga waya nene,
akapandisha sauti hadi robo tu.

Kishindo nilikitegemea.
Nilichosikia, katika filamu niliyoionyesha mara ishirini,
ni mtu akivuta pumzi
kabla ya kumdanganya mkewe.

Hakuna aliyepiga mluzi.
Ezati alikuwa bado anafuta mikono
nje, jenereta ilipoanza kukohoa.