Kufuga Maji

Kabati la kioo nililouzia sambusa
miaka tisa pale getini kwa kiwanda cha nguo
lilikuwa nyuma ya mlango, tupu,
linanuka mafuta ya miaka ile.
Goti langu lilipogoma, nalo likastaafu.

Kagoya ndiye aliyesema: Mama, humu samaki anakaa.

Fundi Owor akapunguza kimo, akapaka silikoni konani,
akaniambia, siku mbili usiliguse.
Siku ya tatu tukalijaza uani, chini tumetandika gazeti.
Gazeti likatupa habari: kona ya kushoto imelowa.
Tukamwaga. Tukakausha. Tukaanza upya.
Walukuba hapa tumezoea kuanza upya.

Udongo wa shamba kwanza, kina cha vidole viwili.
Juu yake mchanga, nao
ndoo ya kwanza ilitoa chai ya maziwa,
ya tano chai ya rangi,
ya kumi na moja ndipo nikauona mkono wangu chini,
na pete.

Majani tuliyatoa Masese, pale ziwa linapochoka
likawa kinamasi:
yale marefu kama utepe wa fundi cherehani,
na yale ya manyoya kama mkia wa paka aliyeshtuka.
Nikayakagua jani kwa jani, juu na chini,
kama ninavyomkagua mtoto chawa,
maana konokono wa kichocho hapigi hodi.
Yakalala kwenye beseni wiki nzima, chini ya ulinzi.

Maji ya bomba nayo tuliyalaza, usiku na mchana,
mpaka ukali wa dawa ukayatoka.
Nikayamimina juu ya sahani, polepole,
mchanga usishtuke.

Halafu, hakuna kitu.

Wiki ya kwanza yakawa meupe kama ya kuoshea mchele.
Ya pili, majani mawili yakaoza,
na Nyafwono wa jirani akachungulia dirishani:
Mwenzangu, unafuga nini humo?
Maji, nikamjibu.
Alicheka mpaka kitenge kikamlegea.
Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua:
yule wa sambusa sasa anafuga maji.

Na kweli nilikuwa nayafuga.
Kuna wadogo wasioonekana
ambao sharti wahamie kwanza, wajae mchangani,
wajifunze kula sumu na kushiba.
Mgeni haletwi kwenye nyumba isiyo na wenyeji.
Nilimweleza Kagoya mara moja tu; tangu hapo
kila asubuhi, begi mgongoni, aliwaamkia:
Mmelalaje, msioonekana?

Wiki ya tano utepe ukazaa mtoto pembeni,
kijani kibichi, kimetoboa mchanga peke yake.
Maji yakawa kama hayapo.

Ndipo tukanunua nkejje watatu, wazima,
kwa kijana wa kinamasi aliyetushangaa:
Watatu! Watamshibisha nani?
Mama yangu aliwakausha, akawasaga wakati wa surua,
nami niliumeza ule uji uso nimeukunja.
Sasa mimi ndiye ninayewasagia wao.

Nusu saa mfuko ulielea juu, joto lizoeane na joto.
Kagoya hakupepesa.

Jana umeme ulikatika, tukamulika kwa tochi:
mmoja, mwenye upindo mwekundu pezini,
amesimama katikati ya majani,
haendi, harudi,
anapumua tu.

Na leo Mzee Baligeya, mteja wangu wa zamu ya usiku,
alikuja kunijulia hali ya goti.
Akainama mbele ya kioo kama alivyokuwa akiinama,
mikono mgongoni,
akatazama muda mrefu, akagonga kwa ukucha:
Nipe yule.

Mazoea.
Tukanyamaza wote wawili.
Yule akageuka, akaingia majanini.